Insha ya Maelekezo: Maua ya Barazani Wakati wa Likizo

Soma kwanza swali lifuatalo, kisha funika kitabu kwa dakika mbili ujiulize ungeanza wapi.

Swali: Familia yenu inasafiri kwa wiki tatu wakati wa likizo ya Juni. Andika insha isiyo ya kisanaa yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300, ukimweleza mtu atakayebaki namna ya kuitunza mimea iliyopo nyumbani ili isife kwa kukosa maji.

Nikiwapa wanafunzi wangu swali hili, kwanza hucheka. Wanasema ni swali la maua, swali la watu wa mjini. Wakimaliza kucheka huandika hivi: "Maua ni muhimu sana katika maisha ya binadamu. Maua hupendezesha nyumba. Maua hutumika katika harusi na misiba." Nusu ukurasa inajaa umuhimu wa maua, dakika zinakwenda, na hakuna mmea hata mmoja uliopata tone la maji. Swali halikuuliza umuhimu. Limesema "ukimweleza namna ya". Hayo ndiyo maneno ya kupigia mstari kabla hujagusa karatasi ya majibu.

Unajua tayari kwamba insha ya kisanaa hutumia lugha ya picha, tamathali na methali, na insha isiyo ya kisanaa hutumia lugha ya kawaida inayoeleweka moja kwa moja. Maelekezo yamo katika kundi hili la pili, ila yana sharti moja la ziada. Insha nyingine msomaji akishaisoma anaiweka chini. Maelekezo akishayasoma anakwenda kuyafanya. Kwa hiyo kipimo chake kiko mikononi mwa mtu mwingine ambaye wakati huo wewe haupo naye, huwezi kumwambia "la, sikumaanisha hivyo".

Karatasi niliyoiacha mlangoni

Nitatumia kosa langu mwenyewe kama mfano, kwa sababu makosa ya wanafunzi tumeyasahihisha sana.

Nilipoanza kufundisha huku Mnero, upande wa Nachingwea na Ruangwa, nilikuwa na vyombo kumi na viwili vya mimea: makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, sufuria kuukuu moja na vyungu viwili. Saba vilikuwa baraza la mbele, vitano baraza la nyuma. Sehemu zetu hizi zina msimu mmoja wa mvua. Ukifika Juni mvua imeshakatika, upepo wa kusi unavuma mkavu, na foleni ya ndoo kisimani inaanza kuwa ndefu. Ndipo likizo inapoanza na walimu wengi tunapokwenda makwetu.

Kijana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa akiishi jirani alikubali kunisaidia. Asubuhi ya safari basi la kwenda Masasi likapiga honi kabla sijamaliza kufunga begi. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika na kuichomeka mlangoni:

"Habari. Naomba umwagilie maua kila siku yasikauke, hasa yale ya barazani. Maji usibanie. Ukiona ua limechoka, liongezee. Asante."

Nilirudi baada ya siku 23. Baraza la mbele lilikuwa linanuka. Shubiri mwitu zilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ukishika jani linabaki mkononi. Makopo mawili ambayo sikuwa nimeyatoboa chini yalikuwa na maji yaliyosimama juu ya udongo. Baraza la nyuma hali ilikuwa kinyume: mchaichai na miche ya mipapai ilikuwa imekauka kiasi cha kuwashia moto.

Yule kijana alikuja jioni, akaniamkia, akasimama mbali kidogo. "Mwalimu, nisamehe. Nilimwagilia kila siku kama ulivyoandika. Yalipolegea nikaongeza."

Kila alfajiri alikuwa amechota ndoo moja ya lita 20 na kuibeba kichwani kutoka kisimani. Piga hesabu mwenyewe: ndoo 23, lita 460, katika miezi ambayo kwao maji ya kuoga yanagawanywa. Alikuwa ametimiza karatasi yangu neno kwa neno. Niliyepaswa kuomba msamaha nilikuwa mimi, na niliomba.

Sasa tuichambue karatasi ile kama tunavyochambua sentensi yoyote yenye utata. Unakumbuka kwamba utata hutokea pale neno au tungo inapotoa maana zaidi ya moja.

"Maua." Mimi nilimaanisha mimea yote. Yeye alimwagilia iliyo na sura ya maua. Mchaichai kwake ni majani ya chai na mpapai ni mti wa matunda. Hakuna aliyemwambia kwamba navyo ni "maua". Alikuwa sahihi kuliko mimi. Wengi wetu huita kila kinachopandwa kwenye kopo "ua", lakini katika mtihani na katika maelekezo neno pana namna hii lina hatari. Tena neno ua lenyewe lina maana nyingine: uzio au uwanja wa nyumba, na pia kitenzi cha kuondoa uhai. Kwa karatasi yangu, maana hiyo ya tatu ndiyo iliyotimia.

"Barazani." Baraza lipi? Nyumba ina mabaraza mawili, na anayekuja kutoka njiani hulijua la mbele. Hapa ngeli ya mahali ingenisaidia kidogo. "Pale barazani" huonesha mahali dhahiri panapojulikana, "kule barazani" huonesha upande wa mbali, "mle barazani" huonesha ndani. Lakini kiambishi hakiwezi kufanya kazi ya nomino. Ilinipasa kuandika "baraza la nyuma, karibu na jiko".

"Kila siku." Mara moja au asubuhi na jioni? Kikombe au ndoo? Neno hili linataja siku peke yake, na likisimama bila kipimo msomaji hukiweka kipimo chake mwenyewe. Kijana mwenye moyo mzuri huweka kikubwa, hasa akiwa ameambiwa "maji usibanie".

"Liongezee." Limuongezee nini? Maji, udongo, mbolea, kivuli? Yambwa haikutajwa. Kauli hii ya kutendea huleta utata mara nyingi. Fikiria pia "mchotee mwalimu maji", ambayo yaweza kumaanisha kwa ajili yake au badala yake.

Nimeliacha la mwisho "limechoka", kwa sababu hapa lugha peke yake isingeniokoa. Ilinipasa kujua jambo ambalo sikulijua, na ndilo linalotuleta kwenye sehemu inayofuata.

Ya kujua kabla ya kushika kalamu

Mtahiniwa anayeandika "tuchukue hatua mbalimbali za kutunza mimea" mara nyingi hana hatua hata moja kichwani. Hoja za insha hii utazipata kwenye daftari lako la Biolojia, na nyingine jikoni kwenu.

Mmea ukilegea si lazima uwe na kiu. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa iliyokuwa katikati ya chembe za udongo hufukuzwa, mizizi hudhoofika na kuoza, na mizizi iliyooza haiwezi kufyonza maji. Majani basi hulegea vilevile kama ya mmea wenye kiu, huku mizizi imezama. Kijana wangu aliona majani yamelegea, akatii "liongezee", na kila alipotii alizidi kuua. Ndiyo maana chombo kisicho na tundu chini hakifai, na ndiyo maana maelekezo mazuri humwambia msomaji aguse udongo kwanza, asitazame majani tu.

Kwa upande mwingine, maji ya mmea hutokea wapi hata yakaisha? Mengi hutoka kwa mvuke kupitia vitundu vidogo vya majani viitwavyo stomata. Jua kali na upepo mkavu huharakisha mvuke huo. Kumbe hatua ya kwanza ya kuokoa mimea ya msafiri haihitaji maji hata kidogo: ni kuihamisha kutoka juani na upeponi na kuipanga pamoja, kopo kwa kopo, mahali penye mwanga usio mkali. Mimea iliyopangwa pamoja huifanya hewa inayoizunguka iwe na unyevu kuliko mmoja uliosimama peke yake. Usiifungie gizani, maana mwanga bado inauhitaji.

Hatua ya pili ni kuloweka udongo polepole kabla ya kuondoka mpaka maji yatoke chini, kisha kuufunika juu kwa nyasi kavu au maganda ya karanga. Huku kwetu maganda hayanunuliwi. (Na kwa kuwa tumetaja karanga na Nachingwea: mtahiniwa wa Historia anaujua mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukaachwa 1951. Kule Kongwa mvua pungufu na udongo uliokuwa mgumu mno wakati wa kiangazi zilikuwa miongoni mwa sababu. Waliopanga walikuwa mbali sana na udongo wenyewe. Mfano huo utakufaa siku ukiulizwa insha ya hoja kuhusu mipango.)

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda, nayo ni utambi. Nyumba iliyowahi kutumia kandili, kibatari au jiko la mafuta ya taa inaujua. Mafuta yapo chini, moto upo juu, na utambi huyapandisha bila mtu kuyasukuma. Maji nayo hupanda hivyohivyo katika nafasi nyembamba za nyuzi. Chukua kipande kirefu cha fulana kuukuu ya pamba, kisokote, kiloweshe chote. Ncha moja ifukie ndani ya udongo karibu na mizizi, nyingine izamishe mpaka chini ya dumu la maji lililowekwa kando ya kopo. Udongo ukikauka huvuta. Ukilowa uvutaji hupungua. Dumu likae usawa mmoja na kopo. Likiwa chini sana maji hayapandi vizuri, na likiwa juu sana yatateremka kwa kasi na kuujaza udongo. Ziba mdomo wa dumu kuzunguka utambi ili maji yasipotee na mbu wasipate pa kuzaliana. Kitambaa cha pamba kitaoza kikikaa miezi, ila kwa wiki tatu kinafaa.

Usisafiri kabla ya kuujaribu. Chora mstari kwenye dumu usawa wa maji, subiri siku mbili, upime yaliyopungua. Tuseme yamepungua mililita 300. Hiyo ni mililita 150 kwa siku, na kwa siku 21 ni mililita 3,150. Dumu la lita 3 litakuaibisha siku ya mwisho. La lita 5 linatosha. Hesabu fupi kama hii ndani ya insha humwonesha msahihishaji kwamba unajua unachokisema.

Njia hii ya utambi ina uhusiano wa ajabu na nchi yetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani upande wa Tanga, aliona katika milima ya Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau na majani yenye vinyweleo. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauita Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Leo umo katika madirisha ya nyumba duniani kote, na Wajerumani wenyewe bado huutaja kwa jina la Usambara. Majani yake hupata madoa yakidondokewa na maji baridi, kwa hiyo wanaoufuga huupa maji kutoka chini, na wengi hutumia utambi. Mmea umetoka kwetu, umekwenda kulelewa mbali kwa ufundi wa kibatari.

Kuna pia chupa ya plastiki iliyotobolewa kizibo na kusimamishwa kichwa chini kwenye udongo. Inafaa kwa safari ya siku chache, ya msiba au harusi. Kwa wiki tatu usiitegemee.

Kwa vyombo vikubwa au tuta la mboga nyuma ya nyumba, njia bora ni mtungi au chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Unakifukia mpaka shingoni, unakijaza maji na kukifunika. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye kuta zake kadiri udongo wa nje unavyokauka. Wachina waliiandika njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita katika kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi. Ukienda mnadani utapata vyungu vinavyofaa kwa akina mama wafinyanzi; angalia tu kisiwe na ufa.

Mwisho, mimea haifanani. Shubiri mwitu hufungua stomata zake zaidi usiku, jua likiwa halipo, na majani yake manene ni ghala la maji. Wiki tatu kwake si kitu. Mchaichai wenye majani mengi membamba, ukiwa ndani ya kopo, hauvumilii hivyo. Ukiandika maelekezo ya namna moja kwa mimea yote, mmoja utakufa kwa kiu na mwingine utazama.

Insha ya mfano

Ifuatayo ina maneno 258 bila kichwa. Isome mara moja kama msahihishaji, halafu mara ya pili kama yule kijana wa kidato cha pili.

KUTUNZA MIMEA WAKATI WA SAFARI

Mimea ya nyumbani hupandwa kwenye vyombo vidogo, hivyo udongo wake hukauka upesi kuliko wa bustanini. Familia inaposafiri kwa wiki tatu, anayebaki anahitaji maelekezo yanayotaja mmea, kiasi cha maji na siku ya kumwagilia.

Siku moja kabla ya safari, tutahamisha vyombo vyote kumi kutoka barazani na kuvipanga pamoja chini ya dirisha la jikoni, mahali penye mwanga lakini pasipofikiwa na jua la mchana. Tutamwagilia kila chombo polepole mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha tutafunika udongo kwa maganda ya karanga ili unyevu usipotee haraka.

Vyombo vitatu vilivyofungwa uzi mwekundu vina shubiri mwitu. Usivimwagilie kabisa kwa wiki zote tatu, kwa sababu majani yake yana akiba ya maji. Vyombo vitano vyenye uzi mweupe vina mimea ya majani mapana. Hivyo vimwagilie kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kikombe kimoja cha chai kwa kila chombo. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Ukiwa bado na unyevu, usimwagilie siku hiyo. Subiri zamu inayofuata.

Vyombo viwili vilivyobaki vina mchaichai, nao hunywa maji mengi. Kila kimoja kimeunganishwa na dumu la lita tano kwa utambi wa kitambaa cha pamba. Utambi huo huvuta maji kidogo kidogo na kuyafikisha kwenye udongo. Kazi yako ni kuangalia dumu kila Jumatatu. Maji yakishuka chini ya alama nyeusi, lijaze tena, kisha uzibe mdomo wake ili mbu wasizaliane.

Ukiona majani yamelegea, usikimbilie kuongeza maji. Gusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu, mwagilia kikombe kimoja. Ukiwa umelowa, mizizi imekosa hewa, hivyo acha kumwagilia mpaka udongo ukauke juu.

Kwa kufuata maelekezo haya, utatumia chini ya ndoo moja ya maji kwa wiki, na sisi tutaikuta mimea ikiwa hai. Jambo lolote lisilotajwa hapa, tupigie simu kabla ya kulifanya.

Maoni ya mwalimu

Utangulizi una sentensi mbili tu, na sentensi ya pili imeshataja mambo yatakayoelezwa. Hakuna "tangu enzi na enzi", hakuna "kamusi inasema". Kiini kimepangwa kwa mtiririko wa wakati na wa kazi: kinachofanyika kabla ya safari, kisha aina moja ya mmea baada ya nyingine, kisha la dharura. Hitimisho limerudi kwenye swali (mimea isife) bila kurudia kila aya.

Tazama vitenzi. Anapoeleza tabia ya jambo, mwandishi ametumia hu- ya mazoea: hukauka, hunywa, huvuta. Anapoagiza ametumia amri na ukanushi wake: ingiza, lijaze, usivimwagilie. Anapoweka sharti ametumia -ki-: ukiona, yakishuka, ukiwa. Wanafunzi wengi huchanganya "unatakiwa umwagilie", "tunamwagilia", "mtu anamwagilia" na "mwagilia" katika aya moja, mpaka msomaji hajui ni nani anayeambiwa. Chagua nafsi moja uibakize.

Tazama pia kwamba "kidogo", "vizuri", "ya kutosha" na "mara kwa mara" hazimo isipokuwa pale utambi unapovuta "kidogo kidogo", ambapo hakuna mtu anayeagizwa kupima. Maneno hayo manne ndiyo adui mkubwa wa maelekezo. Kila ukitaka kuliandika mojawapo, simama ujiulize: vikombe vingapi, siku zipi?

Insha hii haina ukamilifu wote. Sentensi ya "Hivyo vimwagilie kila Jumatatu na Alhamisi" ina utata. "Hivyo" yaweza kuwa kioneshi cha ngeli ya KI-VI (vyombo hivyo), au kiunganishi chenye maana ya "kwa sababu hiyo". Mwanafunzi mmoja makini alinionesha hilo darasani baada ya mimi kuwa nimeshaipitisha. Andika "Vyombo hivi vya uzi mweupe vimwagilie" na utata utaondoka.

Makosa ya upatanisho wa kisarufi ninayokutana nayo katika swali hili ni yaleyale kila mwaka. "Maua hizi" badala ya maua haya. "Maji nyingi" badala ya maji mengi. "Mimea zimekauka" badala ya mimea imekauka. "Udongo imelowa" badala ya udongo umelowa. Dumu ni la ngeli ya LI-YA (dumu limejaa, madumu yamejaa) lakini chupa ni ya I-ZI (chupa imejaa, chupa zimejaa). Ukivitaja vyote viwili katika sentensi moja, kuwa macho. Kuhusu tahajia, ni kumwagilia, si "kumwagiria" wala "kumwangilia". Wapo watakaosema nyumbani wanatamka hivyo. Mtamke mtakavyo mkiwa kisimani. Kwenye karatasi ya majibu andika mwagilia.

Maswali ya kujipima

1. Eleza maana mbili au zaidi zinazopatikana katika kila tungo: (a) Usiache ua bila mtu. (b) Mwalimu amemchotea kaka yake maji. (c) Mwagilia mimea ya barazani iliyokauka.

2. Iandike upya karatasi ya mwalimu kwa maneno yasiyozidi 60, ikijumuisha vyombo vyake vyote kumi na viwili, ili kijana asilazimike kukisia jambo lolote.

3. Fupisha sehemu yenye kichwa "Ya kujua kabla ya kushika kalamu" kwa maneno yasiyozidi 100. Utaacha habari ya mradi wa karanga au ya mmea wa Usambara? Toa sababu.

4. Bainisha katika insha ya mfano: vitenzi viwili vyenye kiambishi cha mazoea, vitenzi viwili vya amri yenye yambwa, na vishazi viwili tegemezi vyenye -ki-.

5. Utambi wa kopo moja la mchaichai umepunguza mililita 360 za maji kwa siku tatu. Je, dumu la lita 5 litatosha kwa safari ya siku 35 bila kujazwa? Onesha hesabu yako, kisha iandike hesabu hiyo kama sentensi moja ya maelekezo.

6. Aya ya tano ya insha ya mfano inasema udongo ukiwa mkavu "mwagilia kikombe kimoja". Aya ya tatu inasema vyombo vya uzi mwekundu visimwagiliwe kabisa. Kijana akikuta shubiri mwitu imelegea na udongo wake ni mkavu, afuate aya ipi? Isahihishe aya ya tano ili asipate shaka, bila kuvuka maneno 300 kwa insha nzima.